Mto Lena: Njia Kuu ya Siberia Inayotawaliwa na Barafu

Mto Lena, ulioko mashariki mwa Siberia nchini Urusi, ni miongoni mwa mito mirefu zaidi duniani. Mto huo una urefu wa takriban kilomita 4,400, kutoka milima iliyo kandokando ya Ziwa Baikal hadi Bahari ya Laptev, ambayo ni sehemu ya Bahari ya Aktiki. Bonde lake lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 2.5, eneo linalozidi mara mbili na nusu ya ukubwa wa Tanzania, na sehemu yake kubwa imo ndani ya Jamhuri ya Sakha, inayojulikana pia kwa jina la Yakutia.

Mambo matatu yanautofautisha mto huu na mito mingine mingi mikubwa. Kwanza, unatiririka kutoka kusini kwenda kaskazini, yaani kutoka sehemu yenye baridi ya kadiri kwenda sehemu yenye baridi kali zaidi. Pili, mkondo wake mkuu haujazuiwa na bwawa lolote la kuzalisha umeme, tofauti na mito ya Yenisei na Ob iliyo magharibi mwake. Tatu, sehemu kubwa ya bonde lake imelala juu ya ardhi iliyoganda mwaka mzima. Kwa sababu hizo, usafiri, makazi, chakula na usalama wa wakazi wa kandokando ya mto hutegemea kalenda ya barafu: lini inaganda, lini inavunjika na wapi inakwama.

Chanzo na mkondo wa juu

Lena huanzia katika Milima ya Baikal, mkoani Irkutsk, kilomita chache tu magharibi mwa Ziwa Baikal. Hata hivyo, maji ya chanzo hicho hayaingii ziwani. Mteremko wa milima huyapeleka upande wa pili, nayo huanza safari ndefu ya kuelekea Aktiki. Maji ya Baikal yenyewe hutoka kwa njia ya Mto Angara na kujiunga na Yenisei. Hivyo, milima hiyo imekuwa mpaka unaogawanya maji ya mito miwili mikubwa ya Siberia.

Katika sehemu ya juu, Lena ni mto mwembamba wenye kasi, unaopita katika bonde lenye kingo za juu na misitu. Baada ya kupita Kachug mto huanza kupanuka, na ukifika Ust-Kut huwa na kina cha kutosha kupitisha vyombo vikubwa vya mizigo. Mji huo ndio lango la usafirishaji la Lena. Reli kutoka magharibi ilifika hapo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na bandari yake ya Osetrovo ikawa mahali pa kuhamishia mizigo kutoka mabehewa kwenda melini na katika matishali. Kuanzia mwaka 1974, Ust-Kut ilikuwa pia mojawapo ya vituo vya kuanzia ujenzi wa sehemu kubwa ya reli ya Baikal–Amur kuelekea mashariki.

Chini ya mji wa Kirensk mto hubanwa na majabali marefu yaliyosimama wima pande zote mbili. Warusi huyaita majabali hayo Shchyoki, maana yake Mashavu. Sehemu hiyo ina mkondo wenye nguvu na kona kali, na manahodha huipita kwa uangalifu mkubwa.

Mito inayoulisha Lena

Ukubwa wa Lena unatokana hasa na mito minne inayomwaga maji yake ndani yake. Upande wa kulia kuna Vitim, Olyokma na Aldan, inayotoka katika milima ya kusini na kusini mashariki. Upande wa kushoto kuna Vilyuy, mto wenye urefu wa takriban kilomita 2,650 unaotokea katika uwanda wa juu wa Siberia ya Kati.

Kila mmoja wa mito hiyo una nafasi yake katika uchumi wa eneo hilo. Bonde la Vitim linajulikana kwa dhahabu. Mnamo Aprili 1912, wafanyakazi wa migodi ya dhahabu ya eneo la Bodaybo waliokuwa katika mgomo walifyatuliwa risasi na wanajeshi wa serikali ya kifalme ya Urusi, tukio lililozusha migomo na maandamano sehemu nyingine za nchi. Bonde la Vilyuy nalo lina almasi. Mwaka 1955 wanajiolojia waligundua mwamba wa almasi uliopewa jina la Mir, na mji wa Mirny ukajengwa kandokando ya mgodi wake. Umeme wa migodi hiyo ulitokana na bwawa lililojengwa katika Mto Vilyuy wakati wa miaka ya 1960. Kwa hiyo, ingawa mkondo mkuu wa Lena hauna bwawa, baadhi ya maji yanayoufikia hudhibitiwa na binadamu kabla ya kufika.

Mkondo wa kati na Nguzo za Lena

Baada ya kupokea maji ya Vitim na Olyokma, Lena huwa mto mpana wenye visiwa vingi. Kabla ya kufika mji wa Yakutsk, ukingo wake wa kulia una safu ndefu ya miamba mirefu iliyosimama kama nguzo, maarufu kwa jina la Nguzo za Lena. Miamba hiyo ni ya chokaa iliyotokana na bahari ya kale ya enzi ya Kambri, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na baadhi yake hufikia urefu wa takriban mita 100.

Umbo hilo lilitokana na tofauti kubwa ya joto na baridi. Maji huingia katika nyufa za mwamba, huganda na kutanuka, kisha huyeyuka. Kitendo hicho, kikirudiwa kwa maelfu ya miaka, huupasua mwamba wima na kuacha nguzo zikiwa zimetengana. Miamba hiyo pia ina mabaki mengi ya viumbe wa baharini wa enzi hiyo ya kale. Mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliiweka hifadhi ya Nguzo za Lena katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Yakutsk, mji juu ya ardhi iliyoganda

Yakutsk, makao makuu ya Jamhuri ya Sakha, upo kwenye ukingo wa kushoto wa Lena, katika bonde pana la Tuymaada. Chimbuko la mji huo ni ngome iliyojengwa mwaka 1632 na Pyotr Beketov, kiongozi wa Wakosaki waliotumwa na utawala wa Urusi kukusanya kodi ya manyoya. Kabla ya kufika kwao, bonde hilo lilikuwa tayari makazi ya Wasakha, watu wanaozungumza lugha ya jamii ya Kituruki na wanaofuga farasi na ng'ombe katika mazingira ya baridi kali. Malisho yao hutegemea majani ya kingo za mto pamoja na mabonde madogo ya duara yenye maziwa na nyasi, yanayotokea pale barafu iliyo ardhini inapoyeyuka na udongo kutitia. Waevenki, waliozoea uwindaji na ufugaji wa kulungu wa maeneo ya baridi, wameishi pia katika misitu na milima ya bonde la Lena kwa vizazi vingi. Jina la mto wenyewe linahusishwa na lugha yao, kwa maana ya mto mkubwa.

Leo Yakutsk una wakazi zaidi ya 300,000 na ndio mji mkubwa zaidi duniani uliojengwa juu ya eneo lenye ardhi iliyoganda mfululizo. Mwezi Januari wastani wa baridi hukaribia nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri, na imewahi kushuka chini ya nyuzi 60. Katika Julai joto linaweza kuzidi nyuzi 30. Mimea ya eneo hilo ni ile inayostahimili tofauti hiyo, hasa misonobari ya aina inayopukutisha majani yake wakati wa baridi.

Hali ya ardhi ya Yakutsk ilianza kueleweka kisayansi katika karne ya 19. Kati ya mwaka 1828 na 1837 mfanyabiashara Fyodor Shergin aligharimia uchimbaji wa kisima akitafuta maji. Wachimbaji walifika kina cha zaidi ya mita 100 wakiwa bado ndani ya udongo ulioganda, na maji hayakupatikana. Baadaye mwanasayansi Alexander von Middendorff alikitumia kisima hicho kupima joto la ardhi katika vina mbalimbali, na vipimo vyake vikawa miongoni mwa misingi ya elimu ya ardhi iliyoganda. Katika sehemu za juu za bonde la Vilyuy, tabaka hilo lililoganda limepimwa kufikia kina cha karibu mita 1,500.

Elimu hiyo ndiyo inayoongoza ujenzi wa mji. Majengo makubwa husimamishwa juu ya nguzo za zege zilizozamishwa ardhini, na nafasi huachwa kati ya sakafu na udongo ili hewa baridi ipite. Bila nafasi hiyo, joto la nyumba lingeyeyusha ardhi, nyumba ingetitia na kuta zingepasuka. Mabomba ya maji na ya kupasha joto nyumba hupitishwa juu ya ardhi, yakiwa yamefungwa kwa vifaa vya kuhifadhi joto.

Mto kama barabara

Katika Jamhuri ya Sakha, Lena ni uti wa mgongo wa usafiri. Wakati wa kiangazi, meli na matishali hupeleka mafuta, makaa ya mawe, unga, mashine na vifaa vya ujenzi katika miji na vijiji vya kaskazini. Kipindi hicho ni kifupi. Katika mkondo wa kati mto huwa wazi kwa takriban miezi mitano, na kaskazini zaidi huwa ni pungufu ya hapo. Mzigo usiofika kabla ya Oktoba hulazimika kusubiri barafu iwe imara au kupelekwa kwa ndege kwa gharama kubwa. Hivyo, mipango ya chakula na nishati ya majira yote ya baridi hukamilishwa wakati wa kiangazi.

Baridi inapozidi, mto hugeuka kuwa barabara. Barafu hufikia unene wa mita moja na nusu au zaidi, na mamlaka hufungua njia rasmi za magari juu yake baada ya kuipima. Kila njia huwekewa kikomo cha uzito, ambacho huongezwa kadiri barafu inavyozidi kuwa nene. Kupita nje ya njia hizo, au kabla ya kufunguliwa, ni kosa, na pia huhatarisha maisha.

Ugumu mkubwa hutokea katika vipindi viwili vya mpito, wakati barafu inapoanza kuganda na inapoanza kuvunjika. Vivuko haviwezi kupita na magari hayawezi kuthubutu. Yakutsk upo upande wa magharibi, ilhali reli kutoka kusini, iliyofika Nizhny Bestyakh mwaka 2011, inaishia upande wa mashariki, na barabara kuu za kutoka kusini na mashariki nazo zinaishia upande huohuo. Kwa majuma kadhaa kila mwaka, bidhaa zinazofika ukingo wa pili hukaa zikionekana lakini hazivukiki kwa njia ya kawaida. Abiria hutumia ndege au vyombo maalumu vinavyoteleza juu ya maji na barafu kwa nguvu ya hewa, na bei za vyakula mjini hupanda.

Suala la daraja limejadiliwa tangu enzi za Kisovieti. Ugumu wake hautokani na upana wa mto pekee. Nguzo za daraja zinapaswa kusimama katika ardhi iliyoganda, kuhimili baridi inayodhoofisha chuma, na kustahimili msukumo wa mapande makubwa ya barafu kila masika. Mwaka 2020 mkataba wa ujenzi ulitiwa saini, na eneo lililochaguliwa ni karibu na Tabaga, kusini mwa Yakutsk, ambako bonde la mto ni jembamba zaidi.

Mafuriko ya masika

Hatari kubwa zaidi ya Lena inatokana na mwelekeo wake. Mwezi Mei theluji na barafu huanza kuyeyuka kusini, huku sehemu za kaskazini zikiwa bado zimeganda. Maji yanayoshuka hukuta barafu ambayo haijavunjika. Mapande ya barafu hurundikana kwenye kona, visiwani na mahali penye kina kifupi, na kufanya ukuta unaozuia mto. Nyuma ya ukuta huo maji hupanda kwa haraka na kuingia katika makazi. Ukuta unapobomoka, wimbi hushuka na kuhatarisha makazi yaliyo chini zaidi.

Ardhi iliyoganda huzidisha tatizo hilo. Maji ya theluji hayawezi kupenya ndani ya udongo, hivyo karibu yote hukimbilia mtoni kwa wakati mmoja. Takriban theluthi moja ya maji yote ya mwaka hupita katika mwezi wa Juni pekee, na kwenye mkondo wa chini kiasi hicho kinaweza kuzidi mita za ujazo 100,000 kwa sekunde. Mwishoni mwa majira ya baridi, mto huohuo hubakiwa na sehemu ndogo tu ya kiasi hicho.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Mei 2001 katika mji wa Lensk. Majira ya baridi yaliyotangulia yalikuwa makali, na barafu ilikuwa nene kuliko kawaida. Ilipokwama chini ya mji, maji yalipanda hadi takriban mita 20 na kufunika karibu mji wote. Ndege za kijeshi zilidondosha mabomu ili kuvunja ukuta wa barafu. Maelfu ya wakazi walipoteza nyumba, na serikali ilikuwa na miezi michache tu ya kiangazi kuujenga upya mji kabla ya baridi kurudi. Baadaye tuta la kinga lilijengwa kuulinda.

Tangu hapo, maandalizi ya masika yamekuwa kazi ya kila mwaka. Kabla barafu haijaanza kusogea, vikosi vya uokoaji huikata kwa misumeno katika maeneo yanayojulikana kwa mikwamo, na hunyunyiza vitu vyeusi kama majivu na vumbi la makaa juu yake ili inyonye joto la jua na kudhoofika. Vipimo vya kina cha maji hutangazwa kwa wakazi, na pale inapobidi, milipuko hutumika.

Mkondo wa chini na delta

Baada ya kupokea maji ya Aldan na Vilyuy, Lena hugeukia kaskazini. Kwa upande wa mashariki husindikizwa na Milima ya Verkhoyansk. Katika sehemu hii bonde ni pana sana, na mto hujigawa katika mikondo mingi yenye visiwa vya mchanga. Makazi ni machache na yako mbalimbali, miongoni mwake Sangar, Zhigansk na Kyusyur. Karibu na mwisho wa safari, milima huubana mto hadi upana wa takriban kilomita mbili. Kisha, kwenye kisiwa cha mwamba kiitwacho Stolb, delta huanza.

Delta ya Lena ina eneo la takriban kilomita za mraba 30,000 na ndiyo kubwa kuliko delta zote za Aktiki. Imegawanyika katika mamia ya mikondo, maelfu ya maziwa na visiwa vingi vya tundra. Mikondo mikuu ni Olenyokskaya, Trofimovskaya na Bykovskaya. Huu wa mwisho ndio unaotumiwa zaidi na meli zinazoelekea Tiksi, bandari inayouunganisha mto na Njia ya Bahari ya Kaskazini. Bahari inayopokea maji hayo imepewa jina la binamu wawili, Dmitry na Khariton Laptev, wapimaji wa pwani wa karne ya 18. Mwaka 1881 nahodha wa Marekani George W. De Long na baadhi ya mabaharia wake walifariki kwa njaa na baridi katika delta hiyo baada ya meli yao, Jeannette, kuvunjwa na barafu baharini.

Kwa miezi mingi delta hulala chini ya theluji. Kiangazi kinapofika, huwa mahali pa kuzalia kwa ndege wengi wahamiaji pamoja na samaki. Hifadhi ya Ust-Lensky ilianzishwa mwaka 1985 kulinda mazingira hayo.

Mabadiliko ya tabianchi

Lena hupeleka katika Bahari ya Aktiki takriban kilomita za ujazo 500 za maji kila mwaka. Maji hayo hupunguza chumvi ya bahari karibu na pwani na kuathiri namna barafu ya bahari inavyoganda. Magogo yanayosombwa na mito ya Siberia husafiri pamoja na barafu hiyo hadi kwenye fukwe za Svalbard na Greenland. Mabadiliko katika mto huu, kwa hiyo, hayaishii ndani ya mipaka ya Urusi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa maji yanayoingia Aktiki kutoka mito sita mikubwa ya Ulaya na Asia, Lena ukiwa mmojawapo, yaliongezeka kwa takriban asilimia 7 kati ya mwaka 1936 na 1999. Wakati huohuo, ardhi iliyoganda inazidi kupata joto. Kingo za mto zenye barafu ndani yake humomonyoka, na kaboni iliyohifadhiwa humo kwa maelfu ya miaka huanza kuoza na kutoa gesi zinazoongeza joto la dunia. Hadi mwaka 2022, wanasayansi wa Urusi na Ujerumani walikuwa wakifuatilia mabadiliko hayo kwa pamoja kutoka kituo cha utafiti kilichopo katika kisiwa cha Samoylov, ndani ya delta.

Kwa wakazi wa bonde la Lena, mabadiliko hayo yana maana ya moja kwa moja. Nguzo za majengo ya Yakutsk zilihesabiwa kwa ardhi yenye baridi fulani. Barabara za barafu hufunguliwa kwa kutegemea baridi ya kutosha, na matuta ya kinga hujengwa kwa kuangalia mafuriko yaliyokwisha kutokea. Barafu ikichelewa kuganda, muda wa kupeleka mizigo kwa magari hupungua. Ikivunjika ghafla, muda wa kuwahamisha watu hupungua pia. Ndiyo maana kila mwaka, kabla ya meli ya kwanza kuondoka Ust-Kut, vipimo vya unene wa barafu na kina cha maji husomwa kwa makini kutoka mji mmoja hadi mwingine, kwa kufuata mto unavyoshuka kuelekea bahari.